AI ya kutafuta notsi za biashara, nimeitumia miezi saba hapa Kampala

Mimi nauza vitenge Kikuubo, wateja wangu wengi ni Wakongo wa Bunia na Beni, wengine wanatoka Juba, kwa hiyo kutwa nzima ni Kiswahili, Kiganda nikigeukia jirani. Notsi zangu ziko kwenye simu, nani kachukua nini, kaacha deni gani, lori inapakia lini, nyingi nimeandika nimesimama mteja yuko mbele yangu, lugha tatu mstari mmoja. Kutafuta kwa neno kulinishinda maana mtu yuleyule leo nimemuandika Mama Bunia, kesho yule mrefu wa wax.

Sasa hapo kwenye kutafuta AI imenisaidia kweli jamani. Niliuliza nani alilalamika kitenge kinachuja, ikaniletea notsi ya Machi niliyoandika "Mama Bunia anasema ile ya maua imetoa rangi maji ya kwanza". Neno kuchuja halimo kabisa! Inavyofanya kazi ni kwamba inakata notsi vipande, kila kipande inakigeuza namba zinazobeba maana, ukiuliza inachota vile vinavyokaribia swali lako halafu inajibu kwa kusoma hivyo tu.

Na hapohapo ndo kuna hatari, sikilizeni vizuri wenye biashara. Programu ya kwanza niliyotumia, sitaitaja, niliiambia inipe wote ninaowadai mwisho wa mwezi, ikanipa watu 6 na jumla chini, imepangwa vizuri mpaka nikaamini. Kwenye kaunta buku walikuwa 11. Ilichota vipande vichache ikaishia hapo bila kusema kwamba vingine haijavisoma, na mmoja wa hao waliosahaulika nilikuwa namdai shilingi 1,340,000. Hesabu ya "wote" usiiachie AI, iulize kitu kimoja kimoja.

Kuandika nako nilijaribu. Notsi ilisema lori inapakia saa 3 asubuhi, nikaiomba imuandikie kwa Kingereza kijana wa Juba anayepokea mzigo, ikamuandikia saa tatu ya kizungu, mtoto wa watu akafika depo saa 9 usiku akakaa kwenye baridi peke yake mpaka kulipokucha. Iliniuma sana. Siku hizi saa naandika mwenyewe. Kiswahili chake hakina makosa ila ni cha barua ya ofisini, "Mpendwa mteja, natumai u mzima wa afya", mama mmoja ambaye huwa ananiita mwanangu alipopata hiyo akanipigia mbio kuuliza kama simu yangu imeibiwa.

Nimebaki na NotebookLM ya Google, toleo la bure, kwa sababu kila inachojibu inaweka kinamba pembeni, ukikigusa inakufungulia maneno yako yenyewe uliyoandika. Kwangu hilo ni kubwa kuliko yote, deni la mtu huwezi kumdai kwa sababu mashine imesema, unamuonyesha tarehe na ulichoandika siku ile. Nyingine zinazolipiwa kama ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi na juu yake kuna bando, ambalo tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12, sioni sababu ya kulipa kwa kazi hii.

Kitu cha mwisho, madeni ya watu ni siri zao. Sheria ya kulinda data tunayo Uganda tangu 2019 lakini hata isingekuwepo, yule mama alikopa kwangu mimi, hakukopa kwa intaneti. Kabla ya kupakia notsi kwenye NotebookLM natoa majina na namba za simu zote. Mama Bunia humo anaitwa B4, na B4 ni nani imeandikwa kwenye kaunta buku, ambayo jioni nikifunga duka naondoka nayo kwenye mkoba.