Dawa tatu za usingizi, kipimo ni kikaango

Nakaanga vitumbua Ngamiani, Tanga, mwaka wa kumi na tisa huu. Saa kumi alfajiri moto unatakiwa uwe umeshakolea. Kwa hiyo dawa ya usingizi siisifii kwa kunilaza tu, naiangalia itaniamshaje. Hedhi ilipokata, usingizi nao ukahama, na ndani ya miezi minane daktari kanipitisha kwenye dawa tatu.

Ya kwanza diazepam, miligramu 5. Kulala nililala, sisemi uongo. Ila haitoki mwilini upesi. Nusu yake tu huchukua siku nzima au mbili kuisha, ya Jumatatu inaikuta ya Jumanne. Siku ya nne nimesimama na upawa, rojo linamwagika nje ya matundu, nami nalitazama kama la jirani. Sinia zima liliungua. Na duka moja la dawa walikuwa tayari kuniongezea bila cheti: “Chukua tu mama, wote wanachukua.” Hapo nikaogopa, maana hii ukishaizoea, kuiacha ghafla ni mitetemeko na kukesha zaidi ya mwanzo.

Ya pili zolpidem. Jamani, raha! Nusu saa haifiki umeshaondoka, alfajiri mwepesi. Niliisifia mtaa mzima. Mpaka siku moja naamka nakuta ndoo mbili za mchele uliolowekwa, wakati jioni nililoweka moja. Mlango wa uani uko wazi. Binti yangu ananiambia, “Mama, si tuliongea usiku? Ukanijibu vizuri tu.” Sikumbuki hata neno. Daktari hakushangaa, akaikatisha siku hiyohiyo. Ndipo nikajua kwamba Marekani tangu mwaka 2013 dozi ya kuanzia ya wanawake ilishushwa kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa vile kwetu wanawake dawa hukawia kutoka damuni. Mimi nilianzishiwa 10! Mwenye jiko la mkaa ndani na anayelala peke yake, hii aiogope.

Ya tatu amitriptyline, miligramu 10. Kwa asili ni ya sonona, ila kwa dozi ndogo huleta usingizi. Haikuangushi, inakusogeza taratibu. Nikiimeza saa mbili usiku naamka sawa, nikichelewa hadi saa nne nainuka na kizunguzungu. Ubaya wake ni mdomo mkavu, siku nyingine hata sukari ya rojo siisikii, namwonjesha mjukuu. Na choo kigumu, lakini mapapai yapo.

Nyota: moja, mbili, tatu na nusu, kwa mpangilio huohuo.

Pamoja na vidonge daktari kanipa sharti, nisilale mchana. Hili ndilo linalonishinda. Saa saba, vitumbua vimekwisha, joto la Tanga, mkeka uko chini ya mwembe, usingizi unakuja wenyewe bila kidonge, eti niufukuze.