Viatu vya kupimwa kwa fundi hapa Moshi, uzoefu wangu

Walimu wenzangu na nyie manesi mnaosimama kutwa nzima, hii inawahusu. Mguu wangu ni mpana halafu pembeni ya kidole gumba cha kulia kuna kifundo kimetokeza, kwahiyo mimi na viatu vya dukani hatuelewani kabisa. Namba ya kiatu inapima urefu tu, hizi za Ulaya 39, 40 zinapishana milimita 6 na ushee basi, upana hakuna anayekuuliza, unaishia kupanda namba ili vidole vipumue alafu kisigino kinapwaya unatembea kama bata. Mtumba wa soko la Memorial nao ngozi yake nzuri sikatai, ila umeshazoea mguu wa mwenyewe huko ulikotoka, umekunjika pale alipokuwa anakunja yeye.

Shoga yangu akanielekeza kwa fundi mmoja maeneo ya Mbuyuni, mzee hivi. Nimefika asubuhi na shikamoo yangu, marahaba, akanirudisha! Eti mwalimu njoo jioni ukitoka kazini mguu ukiwa umeshavimba, nikikupima sasa hivi saa tisa kitakubana. Jioni nikakanyaga karatasi akachora mguu huu na huu kwa penseli, kumbe wa kushoto mfupi kidogo na miaka yote hiyo sijui, akazungusha futikamba kwenye vidole, juu ya mguu, kisigino. Alafu akachukua kalibu, ule mti wenye umbo la mguu anaoshonea kiatu juu yake, akagandisha vijipande vya ngozi pale pale penye kifundo, anaparua, ananishika mguu, anaparua tena, mpaka ule mti ukawa na kifundo kama changu. Hapo ndo nilimkubali.

Na maswali sasa. Napanda daladala au natembea, njia ya kwangu ina lami au vumbi, soksi navaa? "Na darasani unataka wakusikie unakuja, au uwafumanie?" Aisee nilicheka, nikamwambia niwafumanie, akaweka soli ya mpira laini. Bitana ya ndani nikachagua zambarau. Mume wangu anasema hela ya rangi isiyoonekana na mtu ya nini, jamani si naiona mimi asubuhi nikivaa.

Sasa hivi nafundisha vipindi vyote, narudi nyumbani sijavua viatu chini ya meza ya ofisi kama zamani. Kifundo hakijaisha, kiatu hakitibu, ila hakisuguliwi tena.

Kero zipo. Mwanzoni kushoto kilinichuna nyuma, nikamrudishia akakigonga gonga kwa nyundo ngozi ikalainika, hakunidai. Harufu ya gundi ilikaa siku kadhaa, ukiwa na kichwa cha kuuma viatu viache kwanza nje vipigwe upepo. Kipindi cha masika mimi navaa raba, ngozi ikilowa tope halafu ukaianika juani inakakamaa. Bei iko juu kuliko mtumba, juu sana tu, ila unatanguliza nusu. Mitindo usitegemee, hana katalogi, ukimuonyesha picha ya kwenye simu anaiangalia kwa heshima alafu anakuuliza tena kuhusu kisigino. Na akikwambia Jumamosi usiende na nauli yako Jumamosi, mpigie kwanza.