Linux Mint 22 baada ya miezi mitano katika steshenari ya Kirumba

Hamjambo, watazamaji wangu, na karibuni tena. Leo nimeketi ndani ya steshenari moja ya hapa Kirumba, Mwanza, karibu na barabara inayoteremka kuelekea mwaloni, mahali ambapo asubuhi harufu ya dagaa huingia dukani kabla ya mteja wa kwanza. Mashine mnayoiona mezani ni kompyuta ya mtumba yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 3, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 240. Kwa miezi mitano sasa imekuwa ikitumia Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lenye mwonekano wa skrini uitwao Cinnamon, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, siku 6 kwa wiki. Wachambuzi wengi huusifu mfumo ukiwa na siku mbili tangu kusakinishwa, wakati hakuna kilichopata muda wa kuharibika. Mimi nimengoja viharibike, na leo nitawaeleza vilivyoharibika, chanzo chake, na jinsi tulivyovitengeneza.

Sababu ya kuhama ilikuwa moja tu. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa mpya kuliko hii. Mint 22 ilitoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa jamii ya Linux, na itaendelea kupokea masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Gharama yake ni bando, kwa kuwa faili la kusakinishia lina ukubwa wa karibu GB 3, na flashi ya GB 8 inatosha kulibeba. Hata hivyo, mama mwenye duka aliniwekea sharti kabla sijagusa kitu: "Mwanangu, picha za pasipoti zisisimame hata siku moja." Kijana wake anayepiga picha hizo anatumia Photoshop, ambayo haina toleo la Linux, kwa hiyo tukaigawa diski, Mint ikachukua sehemu kubwa, na Windows ikabaki upande wa pili bila kuunganishwa na intaneti. Uamuzi huo ndio uliozaa tatizo lililonisumbua kuliko mengine yote, nalo ni tatizo la saa.

Jumatatu moja mama alinipigia simu kwamba kompyuta imegoma kupokea masasisho. Nilipofika nilifungua teminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika sudo apt update, amri ya kutafuta masasisho, na jibu likaja kwamba faili la Release "is not valid yet", yaani muda wake wa kuanza kutumika haujafika. Nikatazama pembeni mwa skrini nikaona imeandikwa Jumamosi, saa moja jioni na dakika chache. Nikaizima mashine, nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, na huko kalenda ilikuwa inasoma tarehe 1 Januari 2012. Hapo panahitaji maelezo, kwa sababu tarehe mbili tofauti ndani ya mashine moja humchanganya hata fundi. Saa ya ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, huendeshwa na kibetri cha CR2032, kile cha ukubwa wa sarafu chenye volti 3, na duka hili likifungwa swichi kuu huzimwa, hivyo kibetri kikiisha nguvu saa hiyo hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Mint, kwa upande wake, huwa imehifadhi muda wa mwisho ilioufahamu, na ikikuta saa ya ubao iko nyuma ya muda huo huanzia pale ilipoishia. Ndiyo maana ilidhani bado ni Jumamosi jioni, dakika chache baada ya duka kufungwa. Ikishapata intaneti hujisahihisha, lakini siku ile intaneti ilikuwa ya simu iliyokuwa inasuasua, na kijana alibonyeza masasisho kabla saa haijapata nafasi ya kujirekebisha.

Nilikipima kibetri kwa mita kikatoa volti 1.9. Nikanunua kingine kwa fundi saa wa Makoroboi, nikakipachika, nikarekebisha tarehe, nikaondoka nikijiona mtaalamu. Siku ya nne simu ikalia tena. Mteja alikuwa amerudisha risiti ya kudurufu aliyopewa saa nne asubuhi, nayo imeandikwa 13:07, na alitaka kujua tumemwandikia muda wa nani.

Nawaomba mtazame tofauti hiyo kwa makini, kwa kuwa tofauti ya saa tatu kamili inamtaja mkosaji. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, ile ya UTC. Linux huihesabu saa ya ubao kuwa ni UTC kisha huongeza 3, ilhali Windows huichukulia saa hiyo hiyo kuwa ni ya hapa hapa Mwanza. Mint ilipojisahihisha kwa intaneti ilikuwa inaandika UTC kwenye ubao. Kijana akifungua Windows kwa ajili ya picha, anaikuta iko saa 3 nyuma, anairekebisha kwa mkono kwa nia njema, na akirudi Mint inakuwa saa 3 mbele hadi intaneti ipatikane tena. Mifumo miwili ilikuwa inavutana kamba juu ya saa moja, na hakuna hata mmoja uliokuwa mbovu. Dawa ni amri hii ninayoiweka kwenye skrini: timedatectl set-local-rtc 1. Inaiagiza Linux ifuate desturi ya Windows. Itakupa onyo kwamba utaratibu huo haupendekezwi, na onyo lenyewe lina msingi mahali ambapo saa hubadilishwa kufuata majira ya joto na baridi. Sisi hatuna desturi hiyo, kwa hiyo hapa sikuona sababu ya kuliogopa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba dalili moja ina chanzo kimoja.

Ndoa hiyo ya mifumo miwili ilileta usumbufu mwingine mdogo: kijana alishindwa kuhifadhi faili kwenye sehemu ya Windows akiwa Mint, kila mara akiambiwa diski ni ya kusoma tu. Windows ina kipengele cha kuwaka haraka ambacho hufanya mashine isizimike kabisa, bali ilale huku ikiishikilia diski, na Linux inapoona hivyo hukataa kuandika ili isiharibu. Nilifungua Windows, nikaandika powercfg /h off kwa ruhusa ya msimamizi, na jambo likaisha hapo.

Sasa tuje kwenye umeme, na wakazi wenzangu wa kando ya ziwa hamhitaji utangulizi. Umeme ukikatika ghafla, mfumo wa mafaili wa ext4 hutumia daftari lake la ndani kumalizia kazi iliyokatishwa, na mara nyingi mashine huwaka bila kulalamika. Mara moja tu katika miezi hii mitano haikuwa hivyo. Skrini ilibaki nyeusi yenye maandishi meupe, na mstari wa mwisho ukasomeka (initramfs), yaani mashine imekwama kabla ya kuufungua mfumo wenyewe. Mama alikuwa tayari ameshamwita jirani, naye akasema kompyuta imekufa, ipigwe Window upya. Huo ndio ugonjwa wa mafundi wa mjini hapa, nami sijitoi: kompyuta ikikohoa tunaifuta yote, na ankara za mwenye mali zinakwenda na maji. Mistari michache juu ya neno hilo mashine ilikuwa imeeleza yenyewe kwamba sehemu ya /dev/sda3 ina kasoro, na kwamba fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mafaili ya diski, iendeshwe kwa mkono. Nikaandika fsck -y /dev/sda3, nikangoja kama dakika mbili, nikaandika exit, na ukurasa wa kuingilia ukatokea. Tahadhari yangu ni kwamba namba ya sehemu ya diski iwe ile iliyotajwa kwenye skrini yako, msinakili ya kwangu. Baadaye nilifungua programu ya kusimamia diski nikatazama taarifa za afya yake, kwa sababu kasoro za namna hiyo zikijirudia huku umeme uko sawa, basi diski yenyewe inaaga.

Umeme huo huo uliwahi kukatika katikati ya usakinishaji wa masasisho, na tangu hapo kila programu mpya ikawa inakataliwa. Ujumbe wake ulikuwa umebeba tiba ndani yake, kwani ulitaka tuendeshe sudo dpkg --configure -a, amri inayokiagiza dpkg, chombo cha kusakinisha programu, kimalizie kazi iliyokatika, tukaiendesha, kisha sudo apt --fix-broken install, na kazi ikaendelea. Ukiambiwa badala yake kwamba kufuli ya dpkg imeshikwa na mchakato mwingine, usifute faili la kufuli kama baadhi ya watu wanavyofundisha. Aghalabu ni masasisho ya kimyakimya yanayoendelea, nayo yakimaliza huachia.

Mwezi wa tatu tulipata kisa ambacho kingemkatisha tamaa mtu yeyote. Kijana anaandika nenosiri sahihi, skrini inapepesa, kisha inamrudisha pale pale pa kuandika nenosiri. Nilibonyeza Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja, nikapata ukurasa wa maandishi matupu, nikaingia kwa jina na nenosiri lile lile, na likakubaliwa, maana yake nenosiri halikuwa na hatia. Amri ya df -h, inayopima nafasi ya diski, ikaonyesha sehemu ya mfumo imejaa kwa asilimia 100, na eneo la kazi haliwezi kufunguka likikosa mahali pa kuandika mafaili yake madogo. Mlaji alikuwa Timeshift, programu nzuri inayopiga picha za mfumo ili uweze kurudi nyuma mambo yakiharibika. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipangia ihifadhi picha nyingi kupita uwezo wa diski. Nilifuta za zamani kwa sudo timeshift --delete, nikasafisha akiba ya vifurushi kwa sudo apt clean, nikapunguza mafaili ya kumbukumbu za matukio ya mfumo kwa sudo journalctl --vacuum-size=200M, kisha nikarudi kwa Ctrl, Alt na F7. Siku hizi inahifadhi picha 2 tu.

Printa ilitambuliwa siku ya kwanza bila kuhitaji diski ya draiva, na hilo nalisifu kwa dhati. Foleni ikikwama baada ya karatasi kunasa, tunaandika cancel -a, kisha sudo systemctl restart cups, inayowasha upya huduma ya uchapaji. Sauti ilipopotea ilikuwa imeelekezwa kwenye skrini isiyo na spika, na tuliirudisha kwenye mipangilio. Mashine ilipoanza kujizima mchana wa joto, feni ilikuwa imejaa vumbi na mizoga ya wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi na kufuata taa usiku. Hapo Linux haihusiki kabisa.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwenye nyaraka. Wanafunzi wa chuo wanatoka Nyegezi na tasnifu zao kwenye flashi, zimeandikwa kwa Word, na zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu ya nyaraka inayokuja na Mint, yaliyomo husogea kurasa. Kwa sehemu kubwa tatizo ni fonti. Mint inayo Liberation Serif, yenye vipimo sawa na Times New Roman, na nilihakikisha Carlito ipo kwa ajili ya Calibri, na kurasa nyingi zikatulia. Majedwali yenye maandishi yanayozunguka picha bado yanahama, kwa hiyo kijana sasa huwaomba waje na PDF, na asiye nayo hukaguliwa ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuchapa. Ni kazi ya ziada, na mwenye steshenari anayetegemea tasnifu kwa mkate wake aijue mapema.

Kwa duka la kuchapa, kudurufu, kutuma barua pepe na kujaza fomu za mtandaoni, naupa mfumo huu alama 8 kati ya 10 kwenye mashine ya umri huu. Kwa studio ya picha siupendekezi peke yake bado. Kijana ameanza kujifunza GIMP, programu ya kuhariri picha inayofanya kazi kwenye Linux, jioni wateja wakipungua, na anakata picha za pasipoti vizuri, lakini kule Photoshop ana amri aliyoirekodi inayopanga picha 8 kwenye karatasi moja kwa kubonyeza mara moja, na kwenye GIMP anazipanga kwa mkono huku mteja amesimama. Akishapata njia ya kulifanya hilo kwa haraka, GB 90 zinazokaliwa na Windows zitahamia Mint, nami nitarudi hapa na kamera tuzigawe upya mbele yenu.