Betri ya lithiamu ya 100Ah kwenye mota ya umeme ya boti ndogo, Mikindani: uzoefu wangu

Natumia betri moja ya lithiamu fosfeti (LiFePO4), volti 12, 100Ah (yaani inaweza kutoa amp 100 kwa saa moja, au amp 50 kwa saa mbili), kuendesha mota ya Minn Kota Riptide yenye msukumo wa pauni 55. Boti ni ya faiba, urefu mita nne hivi, na kazi yake ni kuvua kwa mshipi ndani ya ghuba ya Mikindani. Riptide ni toleo la maji ya chumvi. Endura ni ya maji baridi, kwa hiyo usiichukue kwa ajili ya bahari hata ukipewa bei nzuri. Betri nimeridhika nayo kabisa na ningeinunua tena. Wengi wanaolalamika kwamba "betri haina nguvu" shida yao iko kwenye waya.

Mota hii ikifunguliwa mpaka mwisho inavuta karibu amp 50. Kwa 100Ah hizo ni saa mbili tu. Ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inayotakiwa inashuka hadi karibu sehemu ya nane, na hapo ndipo betri moja inakutosha asubuhi nzima.

Kuhusu kutumia betri ya gari, ile ya N70: sahani zake ni nyembamba, za kusukuma stata kwa sekunde chache, na ukiikamua kila siku inakufa mapema. Betri ya risasi ya "deep cycle", iliyotengenezwa kutolewa umeme mwingi kwa muda mrefu, inavumilia zaidi, ila 100Ah yake hupimwa ikitolewa polepole kwa saa 20. Kwa amp 50 unapata pungufu sana, na haifai kuishusha chini ya nusu. Ina kilo 25 hadi 30, wakati ya lithiamu ina 11 au 12. Tena maji ya bahari yakiingia kwenye seli zenye asidi hutoa gesi ya klorini. Kwa boti inayorushiwa mawimbi, mimi hiyo siitaki.

Unaponunua lithiamu, uliza BMS, yaani saketi ya ulinzi iliyo ndani, inaruhusu amp ngapi mfululizo. Chukua ya 100. Ya 50 itakata umeme siku kamba ya shamba la mwani itakapojisokota kwenye propela, na boti itabaki inaelea pale pale penye kamba.

Sasa waya. Uzito wako uko tezi (nyuma), kwa hiyo betri inakaa vizuri zaidi karibu na omo (mbele), na hapo waya unarefuka: mita tatu kwenda, tatu kurudi. Kwa shaba ya milimita za mraba 16, amp 50 zinapoteza volti 0.33 tu njiani. Kwa waya wa soketi za nyumbani, ule wa 2.5, zinapotea volti 2 na ushee, yaani wati zaidi ya 100 zinazochemsha waya mpaka plastiki yake inalainika. Waya wa kuchomelea wa 16 unapatikana kirahisi na unakunjika vizuri, lakini shaba yake haijapakwa bati. Chumvi inapenya kwenye ncha na kuigeuza kijani huko ndani, usipopaona. Ukipata uliopakwa bati, lipia. Vichwa vya shaba vibanwe kwa koleo la haidroliki, visigongwe kwa nyundo, kisha vivalishwe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Kaza kwa spana kwanza, grisi ifuate. Nati za masikio tupa, zinalegea kwa mtikisiko. Weka zenye plastiki ndani.

Sakiti breka ya amp 60, swichi inayojikata mkondo ukizidi, ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri. Ikikaa mbali zaidi, kipande cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi.

Ukimaliza kufunga, pima. Fungua mota mpaka mwisho boti ikiwa majini, soma volti kwenye vichwa vya betri, halafu pale waya unapoingia kwenye mota. Tofauti ikizidi 0.4, gusa kila kiungo kwa tahadhari: kile chenye joto ndicho kibovu.

Kasoro ya kweli ya lithiamu ni kwamba volti haishuki taratibu. Inakaa karibu na 13 muda mrefu, kisha inazima ghafla. Mita ya volti haikuambii kitu. Funga mita yenye shanti (kipande cha kupimia mkondo) inayohesabu Ah zilizotoka, na ukifika 70 geuza boti urudi.

Chaja iwe ya lithiamu, ya volti 14.4 hadi 14.6. Ya amp 20 inajaza betri tupu kwa saa tano hivi. Chaja za gari zenye hatua ya kufufua betri hupandisha volti kupita 15, usizitumie. Betri iliyoachwa juani ndani ya boksi iache ipoe kwanza.

Kila ukirudi, suuza mota kwa maji yasiyo na chumvi, na mara kwa mara vua propela uangalie nyuma yake. Uzi wa mshipi ukijizungusha pale unakata sili na maji yanaingia kwenye mota. Kipande cha zinki, kinacholika na chumvi badala ya chuma cha mota, kisipakwe rangi.

Kwa ndani ya ghuba mfumo huu unatosha. Kutoka nje ya mlango wa ghuba wakati wa bamvua maji yakitoka, au mchana wa kusi, siushauri: anza safari kwa kwenda upepo unakotoka, na makasia yawemo.