Klinyota zinapiga mbiombio: rezistansi ao rele mupya?

Ukiisha kuweka taa za LED nyuma ya gari, klinyota (taa za kuonyesha unageuka) zinaanza kupiga mbiombio, juu ampuli ya zamani inakula wati 21 na LED haifike hata nusu, basi rele (kifaa chenye kinawasha na kuzima klinyota) inazani ampuli imeungua. Fundi wa Birere, hapa Goma, atakufungia rezistansi (kipande chenye kinakula umeme ku nafasi ya ampuli ya zamani) ya wati 50, omu 6, ku kila taa. Inasaidia, lakini inapata moto mubaya, ikigusa plastiki inaiyeyusha, ikazwe ku chuma tu, na hizi barabara zetu za Goma za mawe ya volkano zinalegeza boli haraka sana. Mie nachagua rele ya elektroniki, yenye haijali wati za taa: unachomoa ya zamani unachomeka mupya, hakuna kukata waya, angalia tu pini zifanane. Ila gari yenye klinyota zinaongozwa na kompyuta haina rele ya kubadilisha, hapo ni rezistansi.