Mota ipi inafaa mbuzi ya umeme? Kuanzia ya kununua kwanza hadi ya kuikataa

Anayetaka kujitengenezea mashine ya kukunia nazi huanza kwa kuuliza HP (nguvu-farasi) ngapi. Swali la kwanza liwe mizunguko mingapi kwa dakika. Nazi ni laini, haidai mota kubwa. Mkono wako ndio utakaoshika kifuu huku meno yakizunguka ndani yake, kwa hiyo kasi ndiyo inayoamua kama utakuna kwa raha au utaumia.

Namba moja, bila kusita, ni mota ya induksheni (isiyo na kaboni) ya poli nne, yaani ncha nne za sumaku, 0.37 kW, yaani nusu HP. Kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka mara 1,400 hivi kwa dakika. Funga kichwa cha meno chenye kipenyo cha sentimita 6 moja kwa moja kwenye shafti, na meno yatapita kwa kasi ya mita 4 na kitu kwa sekunde. Hapo unahisi mkononi nyama nyeupe inapokwisha, unageuza kifuu kabla weusi haujaingia kwenye nazi yako. Nguvu yake inatosha: pembeni mwa kichwa hicho inasukuma kiasi cha kilo 8. Kwa muuza nazi sokoni anayekuna tangu asubuhi, apande hadi 0.75 kW.

Mwenye duka akikushawishi uongeze pesa upate yenye kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) kubwa ya kuanzia, kataa. Hiyo ni ya kompresa na mashine za kusaga, zinazoanza zikiwa na mzigo. Nazi unaileta mota ikiwa imeshashika kasi, kwa hiyo yenye kapasita moja ya kudumu inatosha, na haina swichi ya ndani ya kukatia umeme wa kuanzia, ambayo huchakaa. Pesa hiyo itumie kupata mota yenye bodi iliyofungwa kabisa, feni yake ikiwa nyuma, maana majimaji ya nazi yatairukia kila siku.

Ya pili ni mota ya kufulia, ile ya upande wa sabuni katika mashine ya mapipa mawili. Kwa matumizi ya nyumbani ni nzuri kuliko watu wanavyodhani: kasi yake inakaribiana na ile ya kwanza, haina kelele, na kwa mafundi wa vyuma chakavu haikosekani. Ina nyaya tatu, hivyo unachagua upande wa kuzunguka kwa kuhamisha waya mmoja tu. Ila bodi yake iko wazi, lazima uijengee kasha, na usiitumikishe saa nzima mfululizo.

Mota ya pampu ya maji naiweka ya tatu. Ni imara, lakini nyingi huzunguka mara 2,800. Usiifunge kichwa moja kwa moja. Tumia mkanda, puli ya kichwa iwe na kipenyo mara mbili ya puli ya mota. Ukishanunua puli, mkanda, beringi na shafti ya ziada, unafuu wote umekwisha.

Drili ya mkononi inakuna nazi mbili tatu. Zaidi ya hapo kaboni zake zinakwisha na mota inachemka.

Grainda ya mkononi, hapana. Inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Kichwa kilekile cha sentimita 6 meno yake yatapita mita zaidi ya 30 kwa sekunde, kifuu kitapasuka na vidole vinafuata. Anayekuchomelea kichwa kwenye grainda hakutakii mema.

Ukienda kununua ya mtumba, iwe Gerezani au Kamukunji, soma kibao kwanza. Palipoandikwa 3~ ni ya fezi tatu, si ya umeme wa kawaida wa nyumbani, hata ikiwa bei ya kutupa iache. Tikisa shafti juu na chini: ikicheza, beringi zimekwisha. Nusa kwenye matundu. Harufu ya vanishi iliyoungua haifichiki. Kisha omba iwashwe bila mzigo dakika 20, uguse bodi. Joto ni sawa, isiyoshikika irudishe. Uliza pia kama koili zake zimesukwa upya, na kwa waya gani. Shaba ni nzito kuliko aluminiamu, na mkono unaijua tofauti hiyo.

Kabla fundi hajakata uzi (michirizi kama ya skrubu) wa kufungia kichwa, simama mbele ya shafti uangalie inakozunguka. Ikienda kinyume cha saa, uzi wa kawaida utajikaza kila unapokuna. Ikienda upande wa saa, uzi huo utafunguka na kichwa kitakurukia, hivyo fundi abadilishe mzunguko au akate uzi wa kushoto. Kichwa kiwe cha chuma kisichoshika kutu, waya wa ethi ufungwe kwenye bodi, na swichi ikae chini, goti liweze kuizima mikono yote miwili ikiwa kwenye nazi.