Ofisi ya wakili Ngamiani, Tanga: nyota nne, japo dogo bado yuko ndani

Nawapa nyota nne na dogo bado yuko mahabusu, kwa hiyo soma kwanza usinishangae.

Dogo, mtoto wa mama mdogo, ana kesi ya wizi wa pikipiki na mdhamini ndo mimi, nilisaini bondi ya milioni tatu, barua ya serikali ya mtaa juu. Hakimu alimsomea masharti, asitoke nje ya mkoa bila ruhusa ya mahakama. Yeye kavuka zake mpaka wa Kenya pale Horohoro kwenda kutafuta maisha Mombasa, kesi ikatajwa mara mbili hayupo, dhamana ikafutwa, hati ya kumkamata ikatoka, na mi nikaitwa nieleze kwa nini nisilipe ile bondi. Siku ya Idi karudi kwa mama yake wakamdaka mkononi bado ana mafuta ya pilau.

Mwanzo nilinasa kwa kishoka, wakili feki, nje ya mahakama, "kesho anatoka kaka", laki mbili zangu kala na hiyo kesho sijaiona mpaka leo.

Hawa wa Ngamiani hawakuniahidi kitu. Dada wakili kasoma hati ya mashtaka mara mbili kimya, mi naangalia feni, afu akaniambia wizi una dhamana, ingekuwa mauaji, uhaini au unyang'anyi wa kutumia silaha tusingepoteza muda, ila aliyewahi kuruka dhamana sheria yenyewe inampa hakimu sababu ya kumnyima. Nikamtupia ya kijiweni kwamba siku hizi kila kosa lina dhamana. Kumbe Mahakama Kuu ilisema hivyo kweli 2020, kwamba kuzuia dhamana kwa makosa yale kunapingana na katiba, lakini Mahakama ya Rufani ikatengua Agosti mwaka huohuo, sisi mtaani tukabaki na nusu ya habari.

Nikauliza, vipi tukitafuta cheti cha hospitali tuseme aliumwa? Akafunga faili.

"Kaka, hiyo kesi nyingine, na mshtakiwa utakuwa wewe."

Bondi alinipigania nikalipa sehemu tu. Dhamana ya dogo hakimu kakataa, sasa tunapeleka maombi Mahakama Kuu hapahapa Tanga. Risiti walinikatia kila nilipotoa hela.

Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya simu, mchana hapokei mtu, na benchi la kusubiria ni moja, nimekaa saa nzima na bibi mwenye kesi ya minazi kanilalia begani.